Jina Lako Limetangulia Perth

Baba,

Begi lako limefungwa na sitaki kulifungua tena. Sweta zimo, karanga zimo, dawa ya malaria imo. Asali nimeitoa, kwa sababu baba yako mdogo anasema Perth hawaruhusu asali ya mtu kuingia hata kijiko, na mimi siwezi kumpa ofisa wa uwanja wa ndege asali ya Tabora akaimwage. Habari za kula, kuvaa na kuamka mapema sitaziandika. Umri wako unatosha kujua kwamba baridi inavaliwa nguo.

Nakuandikia usiku huu umelala, kwa sababu mbele yako maneno haya yananikwama. Jioni watu walipojaa uani, mjomba wako alisimama akasema safari ni asili yetu Wanyamwezi, kwamba reli utakayosafiria kesho imefuata njia ya wapagazi wa kwetu waliobeba pembe za ndovu mpaka pwani. Watu wakapiga makofi. Nilitamani kumwambia akae chini. Wapagazi wale walibeba mizigo ya watu wengine, na wengi hawakurudi kuhadithia. Lakini shughuli ilikuwa yako, nikaendelea kugawa soda.

Sasa nitasema moja kwa moja. Najua unachokwenda kufanya Perth ukitoka darasani. Najua baba yako mdogo Nkwabi amekutumia maelezo ya namna ya kuanza kubeti pande zote kwa kampuni za Australia, na najua umeyasoma mpaka umeyakariri. Ulinieleza wiki ile nikichambua mchele, ukasema, "Mama, hii siyo kamari, hii haina kupoteza," na kwa kuwa sikuinua kichwa ukadhani sijaelewa. Niliyaelewa, Baba. Niliyaelewa kabla Nkwabi hajayaelewa, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha.

Ulikuwa darasa la tano. Baba yako alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa na kile kibanda cha uwakala wa fedha za simu hapa Isevya. Nkwabi, mdogo wake baba yako, alikuwa akisoma chuo hapa mjini na kuishi nasi. Kazi ya wakala ni kukaa dirishani na kuona hela za watu zikipita. Vijana walikuja kuweka hela za kubeti, na kesho yake walikuja kutoa, au hawakuja. Wengi hawakuja. Niliwacheka, sikufichi. Nilikuwa nawaambia wakitoka kwangu wapitie kwa muuza uji wakope kabisa, maana jioni watakuwa hawana uso wa kukopa.

Siku moja wakaja marafiki wawili wakibishana. Mmoja alikuwa amebeti mchezaji fulani wa tenisi, mwenzake amebeti mpinzani wake, kila mmoja kwa kampuni yake. Nikatazama simu zao kupitia dirishani. Kampuni ya kwanza ilisema ukiweka elfu kumi, yule wa kwanza akishinda unapokea elfu ishirini na moja. Ya pili ilisema hivyo hivyo juu ya yule mwingine. Wale vijana walikuwa wanaangalia wachezaji. Mimi niliangalia zile bei. Mtu mmoja akiweka elfu kumi huku na elfu kumi kule, ametoa elfu ishirini, na ashinde yeyote, anapokea ishirini na moja. Nilihisi kichwa kinapata moto. Ilikuwa sawa na kununua mchele Igunga na kuuza Tabora, ila gari hupandi na gunia hulioni.

Hakuna aliyenionyesha. Nataka ujue hilo, kwa sababu ndiko kiburi changu kilikoanzia. Mwanamke niliyeachia shule kidato cha pili, mjane, ambaye shemeji zake walikuwa wanajadili atarudishwa kwao au ataachiwa nyumba, nilikuwa nimegundua kitu ambacho wanaume wenye suti wa zile kampuni walikuwa wamekisahau wazi. Usiku huo nilimweleza Nkwabi. Alinikodolea macho kisha akacheka, akasema, "Shemeji, wewe ni hatari." Hakuna mtu aliyewahi kuniita hatari. Nilifurahi vibaya sana.

Na ilifanya kazi. Usije ukadhani nakuandikia kukuambia kwamba hesabu ni ya uongo. Hesabu ni ya kweli, na haya maelezo ya Nkwabi ni ya kweli pia. Bati lililo juu ya kichwa chako sasa hivi limetoka humo, na ada yako ya kidato cha kwanza, na lile jiko la gesi. Faida ni ndogo kila mara, mchuzi tu, lakini mchuzi wa kila siku. Kinachohitajika ni wepesi wa mkono. Ukiweka upande mmoja, wa pili bei ikashuka kabla hujabonyeza, umebaki umesimama mguu mmoja kama wale wale niliokuwa nawacheka. Nilikuwa mwepesi. Nilikuwa nahudumia mteja kwa mkono wa kulia na kubeti kwa wa kushoto, huku namuuliza hali ya mgonjwa wake.

Kitu cha kwanza kilichonitoka sikukiona kikitoka. Jioni moja ulikuja kukaa nami kibandani, kulikuwa na mechi ya zile timu mbili kubwa za Dar, mtaa mzima unapiga kelele. Ukaniuliza, "Mama, leo uko upande gani?" Nilikuwa nimeweka pande zote, na sare pia, na nilichokuwa naomba ni kwamba mechi iishe salama na umeme usikatike. Ukaniangalia, kisha ukaenda kushangilia kwa jirani. Nilikuona ukienda na nikarudi kwenye simu.

Sasa sikiliza kuhusu kampuni, maana huko kwa Nkwabi ni hivi hivi. Kampuni ya kubeti inampenda anayepoteza. Anayeshinda kidogo kidogo bila kukosea wanamtambua upesi. Hawamfukuzi, wanampunguzia. Leo umeweka laki, kesho wanakuruhusu elfu tano, keshokutwa wanakuruhusu hela ya andazi. Ndiyo maana maelezo uliyotumiwa yanakuambia uweke dau la namba nzima isiyo na chenji kama mlevi aliyetoka kupokea mshahara, ukae mbali na mechi zisizojulikana, usitoe hela mara kwa mara, na mara moja moja upoteze makusudi ili wakuone mjinga. Yasome tena, Baba. Nusu yake ni hesabu. Nusu iliyobaki ni namna ya kujificha, na hakuna sentensi hata moja inayosema utajificha mpaka lini.

Jina likishabanwa unahitaji jina jingine. Wakala wa Isevya hapungukiwi majina. Unakumbuka ndugu walivyokuwa wanakuja. Walinikabidhi simu dirishani na kunitajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia, kisha wanakwenda sokoni. Kwetu ndugu hamfichi ndugu namba ya siri, kwa sababu kumficha ni kumwita mwizi. Na laini ya simu imesajiliwa kwa kidole na kitambulisho cha mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa na ukoo mzima mkononi na hakuna aliyeniuliza. Nilianza na laini ya dada yangu wa Igunga. Ikabanwa. Nikatumia ya Nkwabi, na yeye alikuwa anajua. Ikabanwa. Kisha nikatumia ya bibi yako wa Kigwa.

Bibi yako, mama mkwe wangu, mjane wa mzee wa kanisa la Moravian, mwanamke aliyekuwa anapiga pasi kitambaa cha kichwa. Alikuwa anakuita mume wangu, kwa sababu jina lako ni la mumewe. Ukichelewa kumsalimia anakususia, anasema mume gani huyu anayelala mpaka saa mbili, na wewe unacheka mpaka unakaa chini. Jina hilo mimi sikuwahi kulitamka. Mkwe halitamki jina la baba mkwe wake, hata akilibeba mtoto aliyemzaa mwenyewe. Ndiyo sababu tangu umezaliwa nakuita Baba, na shuleni nilikuwa nawaambia walimu nimekuja kwa ajili ya yule mrefu. Mtaa mzima wananiita Mama Maige, nami naitika, lakini kutoka kinywani mwangu hujawahi kulisikia. Leo nimeliandika kwa sababu mbele nitalazimika.

Bibi aliniachia simu yake alipokuja kliniki ya macho. Nilifungua akaunti kwa jina lake wakati yeye amekaa kwenye kiti changu anakunywa chai. Hakuhitaji kujua, ndivyo nilivyojiambia. Atapungukiwa nini?

Ikaja ile mechi ya tenisi. Wasichana wawili, mahali fulani mbali, sikujua hata ni nchi gani. Nilikuwa nimechoka na faida ya mchuzi, kwa hiyo nikaweka floti yote, ile hela ya kibanda ya kulipia wateja, yangu na ile niliyoaminiwa na mwenye duka aliyenidhamini. Mmoja upande huu, mwenzake upande ule. Katikati ya seti ya pili yule wa kwanza akaanguka, akashika goti, akalia, akatolewa. Kampuni ya kwanza ikasema aliyetoka ameshindwa, ikala dau langu. Ya pili ikasema mechi haikuisha, hakuna mshindi, ikanirudishia dau langu tu bila faida. Sheria zao zilitofautiana, na mimi sikuwa nimezisoma kwa sababu ziliandikwa kwa Kiingereza kidogo kidogo chini kabisa. Nusu ya floti ikapotea mchana kweupe. Ile nusu iliyorudishwa ikaingia kwenye akaunti ya bibi yako.

Lakini nikuambie kinachoniamsha. Yule msichana alipokuwa chini, analia, nilimtukana. Peke yangu kibandani, nilimtukana kwa Kinyamwezi, matusi ambayo sikujua kama bado ninayo. Msichana wa umri wako wa sasa, ameumia goti, na mimi nikamwambia asimame amalize. Sikumtaka ashinde wala ashindwe. Nilimtaka amalize tu. Nikiona mtu ameanguka barabarani leo, kuna kitu ndani yangu bado kinauliza kwanza ni kampuni gani inalipa, ndipo kinakumbuka kumsikitikia.

Nilipotaka kutoa ile hela iliyobaki, kampuni ikagoma. Wakasema akaunti inatia shaka, mwenyewe ajitokeze kwenye simu ya picha na kitambulisho mkononi. Nikampigia bibi yako Kigwa, nikamwambia laini yake inahitaji kuhakikiwa. Alikuja na treni. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, kwa sababu aliambiwa atapigwa picha. Alileta karanga. Nilimwamkia akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanipangusa vumbi begani.

Nkwabi ndiye aliyeshika simu. Kijana wa kampuni alitokea kwenye kioo, mtoto mwenye adabu, akamwamkia bibi kisha akamsomea jina lake na namba ya kitambulisho. Akamuuliza kama ni yeye anayebeti kwenye akaunti hiyo. Sikuwa nimemwandaa. Nilidhani watamtazama uso tu. Bibi yako alinigeukia, na uso wangu ukamwambia kila kitu. Alijua kubeti ni nini, Kigwa vijana wamejaa. Akaigeukia simu tena. Kisha akamwambia yule kijana, "Ndiyo, ni mimi." Akaulizwa tena alibeti mchezo gani. Nkwabi akamnong'oneza, naye akarudia, "Tenisi."

Hela ilitoka. Hiyo ndiyo sehemu ninayoichukia kuliko zote. Ilitoka, nikauza cherehani, nikajazia, mwenye duka hakujua kitu na kibanda kikaendelea. Nilipiga magoti mbele ya bibi yako nikamwambia anisamehe, kwamba ulikuwa uongo mdogo wa dakika moja. Alikuwa anafunga kitambaa chake cha kichwa. Akasema, "Sikudanganya. Nimesema ni mimi. Sasa ni mimi." Akaomba nimsindikize stesheni.

Tangu siku hiyo hakukaribia Meza ya Bwana, hakula mkate wala kunywa kikombe pamoja na wenzake kanisani. Hakuna aliyemkataza, mchungaji hakujua, wazee hawakujua. Alijikataza mwenyewe. Wenzake wakisimama kwenda mbele yeye alibaki benchi la nyuma, kitambaa chake kimepigwa pasi, anatazama chini. Kigwa nzima ikasema mjane wa mzee ana ugomvi na mchungaji. Wewe pia ulisema hivyo, ulirudi kutoka likizo kwake ukanisimulia, ukamlaumu bibi kwa ukaidi wa wazee. Nilikuwa nasonga ugali. Nilikuwa na nafasi ya kukuambia, nikakuambia uchukue sahani. Nilikuwa na nafasi ya kwenda Kigwa Jumapili yoyote nikasimama mbele ya watu. Nauli ilikuwepo. Mwaka juzi tulimzika na mchungaji akaomba Mungu amsamehe uchungu wake, na mimi nikaitikia amina pamoja na wote.

Ukiwa unasoma hapa utataka kunichukia, na sina neno la kukuzuia. Ila usikimbilie kumaliza barua, bado.

Nkwabi alipata nafasi ya kusoma Australia mwaka uliofuata, akabaki huko. Si mtu mbaya. Ukiumwa atakesha, ukifeli atalipa urudie, na atakupikia ugali wa unga wa mahindi wa dukani akikuomba msamaha kwamba si kama wa nyumbani. Lakini kampuni za kule zimembana zote, nina hakika na hilo kama ninavyojua jina langu. Nilijua siku alipokupigia, ukaweka simu sauti kubwa tukawa tunasikiliza wote. Alikuuliza masomo, akakuuliza afya, kisha akauliza kama umewahi kufungua akaunti ya kubeti popote kwa jina lako. Ukasema hapana, kwa fahari, ukidhani anakupima tabia. Akacheka kwa raha. Nilikijua kicheko hicho. Ndivyo nilivyocheka nilipokumbuka laini ya bibi yako.

Nilimpigia kesho yake ukiwa haupo. Nikamuuliza, "Nkwabi, unamtaka mtoto au unataka jina lake?"

Hakukasirika. Alisema, "Vyote viwili, shemeji. Wewe mbona ulivitaka vyote viwili?"

Akakata. Kisha alituma ujumbe wa sauti kunieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kwamba kule kubeti si kosa, wala kubeti pande zote si kosa. Kwamba wewe utakuwa unasoma upishi wako bila shida, na yeye ndiye atakayekesha na simu. Kwamba mechi ikiwa inaendelea huko hairuhusiwi kubeti kwenye mtandao mpaka upige simu, kwa hiyo mara chache sana atahitaji sauti yako useme maneno mawili. Uso wako siku ya kwanza, sauti yako mara chache, hayo tu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anasema maneno yangu mwenyewe, yale ya atapungukiwa nini, na alikuwa ameyapanga vizuri zaidi yangu.

Hakukuambia kwamba makampuni yale yakigundua anayecheza si mwenye jina, hela inazuiwa na anayeitwa kujieleza ni mwenye jina. Hakukuambia kwamba jina lako likishabanwa na wewe utaanza kutafuta la mwenzako wa darasani, la mpenzi wako, la Mtanzania mpya atakayeshuka na begi. Hakukuambia kwa sababu hajioni anafanya hivyo. Mimi sikujiona. Mtu hajioni mpaka aone benchi la nyuma la kanisani.

Sasa ninafika mahali nilipokuwa nakwepa tangu juu ya ukurasa.

Unakumbuka nilipokuambia unipe pasipoti na leseni ya udereva nikazipige picha, kwa ajili ya maombi ya chuo? Chuo kilikuwa na picha zake tayari. Nkwabi ndiye aliyeziomba, na barua yako ya chuo yenye anwani yake ya Perth, na sahihi yako kwenye karatasi nyeupe. Ada ilikuwa inakaribia mwisho wa muda na yeye ndiye alikuwa anailipa. Hakusema kwamba asipopata hatalipa. Hakusema, na mimi sikumuuliza. Nilijua ni za nini, Baba. Usiseme mama alidanganywa, mama ni mjinga, mama hakusoma. Nilikaa kwenye kochi ambalo umelala sasa, nikaziweka sawa zisiwe na kivuli, nikatuma. Kinywa changu hakijawahi kuthubutu kulitamka jina la Maige kwa heshima ya wakwe, na kidole changu kililipeleka Perth kwa mguso mmoja.

Juzi amenijibu. Akaunti zimefunguliwa, kadhaa, zote zimekubali jina na anwani. Zinasubiri uso tu.

Kwa hiyo unaponiaga kesho ukiniambia niombee ufike salama, ujue jina lako limeshafika. Limekutangulia, na aliyelipakia ni mimi. Nilikupenda na nilitaka uende, na sikuwa na njia nyingine ya kukupeleka, na nikachagua njia niliyokwisha kuona inapoishia. Nimejaribu kuandika barua ya kukukataza. Nimeichana. Nikukataze kitu nilichokwisha kukukubalia? Na ukikataa kule, siku ya kwanza, utalala wapi? Nyumba ni yake, blanketi ni lake, ada ni yake. Mkono mtupu haulambwi, na mimi wangu ni mtupu. Hela ya kukurudisha sina, na hata ningekuwa nayo ingekuwa ya kibanda.

Sina ushauri, Baba. Wazazi wengine wanaandika barua kama hii wakiwa na kitu cha kumpa mtoto mwishoni. Nimetafuta. Nilichonacho ni kwamba sasa unajua, na bibi yako alipoulizwa hakuwa anajua. Hiyo ni tofauti ndogo mno, na huenda inafanya mzigo wako uwe mzito kuliko wake.

Barua hii siiweki kwenye begi ukaikute Dar au angani, mahali ambapo kujua hakukusaidii kitu. Nitakupa mkononi stesheni, treni ikishaanza kusogea, kwa sababu sina ujasiri wa kukutazama ukisoma. Isome hapo hapo. Treni inasimama Kigwa. Inasimama kidogo tu, watu wanashusha matenga, lakini inasimama. Ukishuka nitakuja kukuchukua, hata kwa miguu, na la Nkwabi na ada yake nitalibeba mimi kwa namna nitakayoijua huko mbele. Usiposhuka sitakulaumu, leo wala milele.

Nadhani hutashuka. Ningekuwa wewe, kijana, na pasipoti mfukoni, na Tabora inabaki nyuma, nisingeshuka.

Lakini sitaondoka stesheni. Nitakaa pale kwenye benchi na simu mkononi mpaka nijue treni imeipita Kigwa, ndipo nirudi nyumbani.

Mama yako